Mwaka wa Sigiri Baridi

Nakato alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele. "Mama Zamu," akasema, "Nalongo amepumzika." Nikaweka sinia chini, nikakaa, nikatazama ule mchele kama nimesahau ni kitu gani. Nalongo ndivyo Waganda wanavyomwita mwanamke aliyezaa mapacha, na Nakato ni mmoja wa mapacha wake; mimi kwa karibu miaka hamsini sikuwahi kumwita jina jingine. Najua watu wakifiwa wanapenda kusema walimpenda marehemu tangu siku ya kwanza. Mimi sitasema hivyo, maana ni uongo na yeye mwenyewe angenisahihisha. Nalongo nilimchukia. Nilimchukia kwa moyo wote, wiki mbili nzima, katikati ya miaka ya sabini, wakati serikali ilikuwa ya jeshi na sukari ilikuwa habari ya kusimuliana, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne, mtoto mmoja wa darasa la pili, na hasira za kutosha watu kumi.

Hasira zilianzia Nakivubo, hapa Kampala. Baba Zamu alikuwa fundi wa magari pale, na kila siku saa saba nilimpelekea chakula kwenye bakuli la bati. Siku ile nilifika nikaona miguu yake tu, kichwa kikiwa chini ya gari la mtu, na wanaume wanne waliovaa miwani myeusi wamesimama. Hawakumwita atoke. Walimshika vifundo vya miguu wakamvuta kama gunia, wakamtia kwenye gari lao, wakaondoka. Mimi bado nimeshika bakuli. Kitu pekee nilichofanya, kwa sababu nilisoma mpaka sekondari na walimu walinifundisha kuwa makini, ni kusoma namba ya lile gari na kuikariri mpaka nyumbani Kibuli. Usiniulize nilifika vipi. Nakumbuka namba, sikumbuki njia.

Shule ya Zamu ilikuwa na utaratibu wa chakula cha mchana. Wazazi wenye uwezo walilipa kamili, na wasio na uwezo walichangia kidogo tu, mtoto akapewa kadi ya rangi ya machungwa. Posho, ndiyo ugali wa kwetu, na maharagwe, si karamu, lakini kwa wengi ndicho kilikuwa chakula chote cha siku. Zamani kidogo, kabla sijafika, kadi zile zilikuwa zinaishia kwa wenye nguvu. Watoto wa mafuta mingi, wale matajiri wapya waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa, walikuwa wanakula kwa kadi ya maskini huku wenye njaa wanachungulia dirishani. Nalongo alipopewa ukarani akabadilisha mambo. Aliyeandika majina hakugusa kadi, mwalimu aliyegawa kadi asubuhi hakugusa mwiko, na mpishi hakumpa mtu posho mpaka kadi iangikwe kwenye msumari ukutani. Jioni kadi za misumarini na sahani zilizooshwa lazima zilingane. Zisipolingana hakuna aliyekwenda nyumbani. Watu walimwita Kufuli. Na kufuli hilo ndilo nililolikuta mlangoni nilipokwenda kumwombea mwanangu kadi.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la wavu upande wa jiko, kwa hiyo ulikuwa unajibu maswali ya umaskini huku unanusa maharagwe. Meza mbili. Moja ya Nalongo, mwanamke mwembamba aliyevaa gomesi ya kijani iliyofuliwa mpaka imepauka, na nyingine ya Bwana Kizito, karani wa vitabu, mtu mnene mwenye tabia ya kunoa penseli wakati wengine wanaongea. Nalongo aliponiona na gurbaba yangu, ile nguo ya kujifunga ya akina mama wa Kinubi, akaanza kunisemesha Kiswahili, ingawa Luganda naongea kama yeye. Hilo lilinikera. Kiswahili cha Kampala siku zile kilikuwa cha kituo cha polisi. Kizito naye akainua kichwa: "Eh, hata Wanubi wanataka chakula ya maskini? Si serikali ni yenu?" Nikamwambia kama serikali ni yangu kwa kuwa wakubwa wa jeshi ni Wanubi wenzangu, basi aniambie funguo ziko wapi, maana kwangu hazijafika.

Fomu iliuliza: Baba yupo, amekufa, au mengineyo, eleza. Chini ya "eleza" kulikuwa na mistari mitatu. Mimi nikaeleza. Nilijaza mistari yote mitatu, nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma. Saa, mahali, wanaume wanne, miwani, gari la rangi gani, namba yake, mwandiko safi wa kuunganisha. Nalongo akasoma, uso umekauka kama ubao. "Fomu hii iko mbaya," akasema. "Rudi, andika ingine." Ile karatasi akaitia kwenye saraka ya tatu ya meza yake, hakunirudishia. Kosa liko wapi? "Iko mbaya tu, nyabo." Kesho yake nikaandika upya, mwandiko mzuri zaidi, maneno yale yale. "Iko mbaya." Mara ya tatu nikapiga meza mpaka wino ukaruka.

"Niambie kosa! Nimeandika kweli tupu!"

"Shida si kweli," akasema, na akaangalia penseli ya Kizito.

Kizito akacheka kidogo. "Mama, wewe unajisumbua. Andika amekufa, mambo kwisha. Jumatatu mtoto anakula."

"Umeona maiti yake wewe?"

"Mimi? Nitaona wapi?"

"Basi usimuue. Sitamzika mume wangu kwa sahani ya posho."

Na haikuwa maneno ya hasira tu. Ningeweka sahihi kwamba amekufa, habari ingefika kwa wakwe zangu kabla wino haujakauka, na wangenikalisha eda miezi minne na siku kumi, ndani, na kitambaa cheupe, wakati mikeka niliyokuwa nasuka na kuuza ndiyo iliyotununulia makaa. Ningeandika yupo, mtoto hapati kadi. Nikiandika kweli, Kufuli anasema iko mbaya. Zamu alikuwa ameanza kuniambia kila mchana kwamba hana njaa. Mtoto wa miaka saba anayesema hana njaa saa saba mchana, anajifunza kudanganya kwa ajili yako, na hilo lilinichoma kuliko njaa yenyewe. Nikamwambia Nalongo mbele ya Kizito kwamba yeye ni mama jina tu, na kama Mungu alimpa wawili basi alikosea hesabu. Sijivunii maneno hayo. Lakini niliyasema, kwa sauti, na mpishi alisikia dirishani.

Nalongo hakubadilika uso. Akafunga kofia ya kalamu. "Kesho saa saba nakuja kwako," akasema. "Usipike kwa ajili yangu."

Nilidhani ananidhihaki. Kesho yake saa saba kamili akatokea kwangu, chini ya msikiti, vumbi mpaka magotini, ametembea. Hakukaa. Hakuuliza habari ya baba. Alikwenda moja kwa moja pale pembeni nilipokuwa napikia, akapiga magoti mbele ya sigiri, jiko langu la makaa, akaweka mgongo wa mkono juu ya majivu kama unavyopima homa ya mtoto. Akafunua sufuria. Akatazama chini ya kitanda, bila aibu, kama askari. Nilikuwa tayari kumfukuza na ufagio. Ndipo akasema, sauti ya chini kabisa, bado amepiga magoti:

"Wewe ulisoma mpaka sekondari, eh?"

"Ndiyo."

"Hiyo ndiyo shida. Wengine wakiona mistari tatu, wanaandika neno moja. Wewe umejaza yote na nyuma. Umeweka mpaka namba ya gari! Unataka wakuchukue na wewe, mtoto abaki na nani?"

Nikauweka ufagio chini.

"Yule Kizito iko na shemeji kambini," akasema. "Na kitabu ya shule, mtu yeyote mwenye bunduki anaweza kusema lete. Nikiandika baba wote waliochukuliwa, nimewaandikia wao orodha. Nikiandika wamekufa, nimedanganya, na kesho wake wa mafuta mingi nao watakuja kuua bwana zao kwa kalamu wapate kadi. Kwa hiyo mimi naandika kitu nimegusa na mkono yangu." Akanionyesha mgongo wa mkono, una majivu. "Baridi. Saa saba, baridi. Hiyo nitaandika."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza. Akanitazama kama mtu aliyechoka. "Nikuambie wapi? Mbele ya penseli?"

Jumatatu Zamu akaangika kadi yake msumarini. Alirudi nyumbani na maharagwe kwenye kola, na alipokuwa anavua sare nikainusa ile kola kama kichaa. Muhula ule Nalongo akamwomba mwalimu mkuu ruhusa, akapiga mstari kwenye safu ya baba katika kitabu kizima, na juu yake akaandika neno moja: Sigiri. Tangu siku hiyo hakuna aliyeulizwa mumewe. Akina mama wawili walikwenda nyumba kwa nyumba saa saba, mmoja mwenye kadi na mmoja anayelipa, wasio majirani wa mwenye nyumba, kila mmoja akaandika karatasi yake bila kuona ya mwenzake. Karatasi zisipofanana, wanatumwa wengine. Mama mwenye kadi wa kwanza kuchaguliwa nilikuwa mimi. "Wewe unaandika sana," Nalongo akasema. "Sasa andika kidogo."

Mwenzangu alikuwa Mama Furaha, Mkongomani aliyeuza vitenge Nakivubo, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Tulitembea sana, na jua lile la mchana, tukaingia vyumba ambavyo nisingeviona maisha yangu yote. Nilijifunza kwamba njaa ina harufu ya majivu yaliyolowa. Nilijifunza pia hila. Kuna mama alimwagia sigiri maji dakika tano kabla hatujafika, ikawa inatoa mvuke kama treni. Mama Furaha akasema, "Mama, hii sigiri iko na homa! Mumpeleke hospitali!" Tukacheka wote, na mwenye nyumba akacheka pia, kisha akatukaribisha tule, maana chakula kilikuwa kimefichwa kwa jirani. Tukala, tukaandika moto.

Mkasa ulianzia Bukoto, kwenye ghorofa, kwa mke wa mafuta mingi mmoja aliyeomba kadi tatu. Mlango ulipofunguliwa harufu ya nyama ilitupokea ngazini. Alikuwa na bangili mpaka kwenye kiwiko. "Mnajua mume wangu ni nani?" akauliza.

"Sijui," nikasema. "Sikutumwa mume. Nimetumwa sigiri."

"Yesu wangu," Mama Furaha akanong'ona, "huyu atatuuza."

Niliandika: Sigiri mbili, zote moto. Moja nyama ya mbuzi. Moja chai ya maziwa, sukari mezani. Kadi zikanyimwa. Wiki iliyofuata, Jumanne saa tano, afande akaja shuleni. Miwani myeusi, suti ya mikono mifupi, na kijana wa bunduki akabaki mlangoni. Mwalimu mkuu akatuita mimi na Mama Furaha ofisini, tukasimama ukutani chini ya misumari ya ziada ya kadi. Afande akakalia meza ya Nalongo, si kiti, meza yenyewe. Alisema amesikia shule hii inalisha watoto wa watu waliokimbia nchi, wasaliti, na inawanyima watoto wa wananchi wazuri. Alitaka kitabu. Alitaka kujua baba wa kila mtoto mwenye kadi yuko wapi.

Hapo ndipo nikakumbuka fomu zangu. Tatu, mwandiko wa kuunganisha, namba ya gari, sahihi yangu chini. Nalongo hakuwahi kunirudishia hata moja. Niliiangalia saraka ya tatu ya meza ile, na goti la afande lilikuwa linaigusa. Mama Furaha akanishika kidole kimoja, kwa nyuma, akakiminya mpaka kikafa ganzi.

Nalongo akafungua kitabu mbele yake kwa mikono miwili, kwa adabu. Afande akasoma kwa sauti. "Namba kumi na nne. Sigiri baridi, majivu ya jana, sufuria moja. Namba kumi na tano. Sigiri baridi, mvua inaingia jikoni. Namba kumi na sita. Hakuna sigiri, mafiga." Akageuza ukurasa. "Sigiri baridi. Sigiri baridi. Baba wako wapi hapa?"

"Afande, sisi tunaangalia sigiri."

"Mimi nauliza watu, wewe unanipa masufuria! Fungua saraka."

Saraka ya kwanza, kadi mpya. Ya pili, mikasi na chaki. Ya tatu Nalongo aliivuta taratibu, ikakwama, akaivuta tena. Ilikuwa na mkate wa nusu uliofungwa kwa gazeti, basi. Afande akaufungua mkate, akaufunga. Kizito alikuwa ananoa penseli ambayo ilishakwisha kunolewa.

Afande akarudi kwenye kitabu, kwa hasira sasa, kurasa za mwisho, na hapo akasimama. Akasoma kimya. Akasoma tena, midomo ikicheza. "Hii nyumba ya Bukoto. Nani aliandika?"

Nikasema ni mimi.

"Mnubi?"

"Ndiyo, afande."

"Nyama ya mbuzi uliona na macho?"

"Niliona, na nilinusa tangu ngazini. Mbuzi mzima, afande, na mchuzi."

"Na sukari?"

"Bakuli limejaa. Halina kifuniko."

Akavua miwani. Alikuwa na macho ya kawaida tu, mekundu kidogo, ya mtu aliyelala vibaya. "Jumapili nilikwenda pale," akasema, zaidi kwa kijana wa bunduki kuliko kwetu. "Wananililia tumenyanyaswa, afande tusaidie, watoto wanateseka. Wakanipa chai kavu! Kavu! Wakasema sukari hakuna mji mzima." Akafunga kitabu kwa kishindo. Akacheka, kicheko kibaya, lakini hakikuwa chetu. Alitoka bila kuaga, na gari lake likaenda njia ya Bukoto.

Tulibaki tumesimama. Mama Furaha akateleza ukutani mpaka sakafuni, akakaa hapo hapo na kitenge chake, akisema "Bwana asifiwe" mara nyingi bila kupumua. Mwalimu mkuu alikwenda nje kutapika. Kizito akatamka kwamba yeye siku zote aliuona utaratibu wa sigiri ni mzuri. Nami nikamfuata Nalongo jikoni, nikamwuliza fomu zangu ziko wapi.

"Zilipika maharagwe," akasema. "Jumatano, wiki ile Zamu alianza kula. Karatasi nzuri, inashika moto haraka."

"Maharagwe ya watoto?"

"Ulikuja ukaonja. Ukasema hayana chumvi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikalia, na mpishi akanipa kitunguu nimenye ili watu wasiulize.

Kuna jambo nililifanya muhula wa mwisho ambalo Nalongo alinikasirikia kuliko tusi la mapacha. Mapacha wake, Babirye na Nakato, walisoma pale pale, na kila saa saba walisema wanakwenda kula nyumbani. Nyumbani kwao kulikuwa mbali, na mapumziko ya mchana yalikuwa mafupi. Siku moja nikawaona wamekaa nyuma ya tangi la maji, wanacheza mawe mpaka kengele. Nikamwuliza mama yao. "Anayeshika kitabu hali kutoka kitabu," akasema, na mlango ukafungwa. Sikubishana. Nikamchukua Mama Furaha, tukaenda nyumbani kwa Nalongo saa saba bila kutumwa, tukaweka migongo ya mikono: baridi. Karatasi mbili, zilifanana neno kwa neno, na hatukuonyeshana. Nikazipeleka kwa mwalimu mkuu mwenyewe, nikamwambia kama mwenye kitabu hawezi kuandika wake, basi aandike asiyeshika kitabu. Mwalimu mkuu akaandika kwa mkono wake. Nalongo hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akaniita kwa ukali kwamba kwenye karatasi yangu sikuweka saa.

Mwisho wa mwaka, Ijumaa, nikiwa natoka msikitini, nikaona mtu amekaa kwenye kizingiti changu, amejikunja, mikono imejaa grisi mpaka kwenye kucha. Baba Zamu. Walimweka kambini miezi kumi na moja akitengeneza magari yao, na vipuri vilipokwisha nchi nzima, magari yakasimama yote, wakamfungulia lango kama unavyomfukuza kuku. Sikupiga kelele. Nilimpita, nikaingia ndani, nikawasha moto. Mtu atapokewaje na sigiri baridi?

Jumatatu nikampelekea Nalongo kadi ya Zamu, nikamwambia mume amerudi na ameshapata kazi Nakivubo. Hakuipokea. "Sikuulizi mume," akasema, uso wa ubao. Saa saba akaja kwa miguu, yeye na mama mmoja anayelipa, wakampita Baba Zamu aliyesimama mlangoni hajui la kufanya, wakapiga magoti. Nalongo akaweka mgongo wa mkono, akautoa haraka, akaupuliza. Kisha akaandika, neno moja, akapiga mstari juu ya jina la mwanangu. Nimepata vyeti maishani, nimeandikwa kwenye mengi. Sijawahi kufurahi kama siku ile niliyofutwa.

Jana tulimzika. Nyumba ilijaa, nikatafuta njia ya kwenda jikoni, maana huko ndiko ninakojua kukaa. Kuna jiko la gesi siku hizi, lakini pembeni sigiri ilikuwepo, sufuria kubwa juu yake kwa ajili ya waombolezaji. Nikainama, magoti yakalalamika, nikaweka mgongo wa mkono. Nakato, nywele zake zimejaa mvi sasa, alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya posho.

"Mama Zamu, unakagua?"

"Nakagua."

"Tuandike nini?"

Nikaupuliza mkono. "Moto," nikamwambia. "Na uweke saa."